Miezi Saba ya Shangazi

Nyinyi wanawake wa bomba la maji, hapa kota za reli Voi, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mama Mwakio amesikia ya lori, Bi. Fatma amesikia ya damu, na wengine mmejiungia wenyewe mpaka juzi nimeambiwa eti nilizalia ndani ya behewa. Sikuzalia ndani ya behewa. Basi nayaandika yote mara moja, msomeane, nami nipate kuteka maji yangu kwa amani.

Nianze kwa kuungama. Niliwadanganya. Mliponiuliza mimba ina miezi mingapi nilisema mitano ilipokuwa saba, na nilipoagana nanyi nilisema saba ilipokuwa tisa. Nesi wa kliniki nilimdanganya pia. Nilimtajia tarehe ya hedhi ya mwisho nikiisogeza mbele kwa miezi miwili, naye akaiandika kwenye kadi kwa wino wa buluu, vizuri sana. Kwetu Mombasa mimba haitangazwi na miezi yake haihesabiwi mbele ya watu, kwani macho ya watu hayana pazia. Aliyenifundisha ni shangazi yangu, Bi. Mwanaisha, dada wa baba, aliyenilea nyumbani kwake Kibokoni tangu mama alipofariki nikiwa na miaka minne. Aliniandikia barua: punguza miwili, Rukia, hata kwa daktari, kwani daktari hana mato? Mato kwetu ndiyo macho.

Na mimba ya kwanza kwetu hurudi nyumbani. Shangazi alikuwa aje kunichukua nikiwa na miezi minane, akashikwa na homa. Alipopata nafuu na kufika Voi, siku zangu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Voi hadi Mariakani

Gari la moshi lilikuwa lipite alfajiri, likafika saa moja asubuhi. Salim, mume wangu, alikuwa zamu, akatupakia tu na kunishika mkono dirishani mpaka filimbi ikapigwa. Mgongo ulikuwa ukiniuma tangu nilipoamka. Sikumwambia mtu. Nilisema ni kulala vibaya.

Mbele yetu aliketi mama mmoja mnene, mchangamfu, akitoka Nairobi kwa kakake. Mumewe alikuwa kuli bandarini Kilindini, na yeye mwenyewe huuza dagaa wa omena Majengo. Jina lake Mama Atieno. Alituamkia, akafungua kikapu, akatoa mayai ya kuchemsha na chumvi katika kijikaratasi, akatukaribisha. Shangazi alimshukuru kwa adabu zake zote na kusema tumeshiba. Hatukuwa tumeshiba. Mimi nilikuwa na njaa ya watu wawili, na yale mayai niliyaangalia kama paka anavyoangalia bucha.

Mama Atieno akala taratibu, akinitazama tumbo.

"Dada," akasema, "hiyo imeshuka. Hiyo ni ya wiki hii."

"Miezi saba," akasema shangazi.

"Saba?"

"Saba. Mwanangu ana mwili tu."

Mama Atieno hakubisha. Mwenyewe alikuwa amezaa saba, alituambia, na akaendelea kuniangalia. Shangazi akavua leso yake ya juu, akanifunika kuanzia kifuani hadi magotini katika joto lile, akaanza kusoma kimoyomoyo. Baadaye akaninong'oneza, "Yule yuna jito. Inuka, twende kule nyuma." Tukahama viti viwili. Nikayaacha mayai.

Saa nne tukafika Mariakani, na gari halikuondoka. Mabehewa ya mizigo yalikuwa yameacha reli huko mbele. Karani akapita akisema ni nusu saa, akapita tena akisema ni saa mbili, kisha hakupita tena. Watu wakashuka kununua madafu. Mimi nikasimama ili ninyooshe mgongo, na hapo maji yakanimwagika miguuni.

"Chai," shangazi akawaambia waliogeuka. "Chai yamwagika."

Chai gani ya rangi ya majani? Niliiona ile rangi juu ya kiatu changu, kijani kibichi. Sikujua maana yake, ila nilijua haikuwa rangi ya heri. Mama Atieno aliiona pia kutoka kule alikoketi. Alichukua kikapu chake, akateremka, akaenda zake. Nakumbuka nilivunjika moyo. Niliona hata huyo mwenye jicho ametukimbia.

Mariakani hadi Shimanzi

Kumbe alikwenda barabarani. Alirudi na dereva wa lori la mahindi lililokuwa likienda kwenye maghala ya Shimanzi, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, na alikuwa amekwisha kumsihi kiasi cha kutosha. Mzee alinitazama, akatazama kiti chake.

"Huyu anazaa?"

"La," akasema shangazi. "Ni miezi saba. Mgongo tu."

Yule mzee akapumua. Angejua ni tisa labda angekataa, au labda angekimbiza lori, Mungu ndiye ajuaye. Kwa vile alisikia saba aliamua kunihurumia. Alisema bintiye aliharibu mimba kwa mitikisiko ya gari, na mimi hatanitikisa. Akaendesha kama aliyebeba mayai, akipunguza mwendo kwenye kila shimo. Mazeras akasimama kukagua matairi. Akanunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, akanipa kipande kwa upendo. Nilikishika mkononi mpaka kikapoa. Uchungu ulikuwa umeanza kuja kwa zamu, ukinishika kiunoni na kuzunguka hadi mbele, nami niliuma pembe ya leso nisitoe sauti. Mama Atieno alikuwa huko nyuma juu ya magunia, jua likimpiga.

"Shangazi," nikasema dereva aliposhuka, "tumwambie ukweli akimbize gari."

"Nyamaza. Tukifika kwetu tutasema."

"Na kama hatufiki?"

Alinifunika kinywa kwa kiganja. Kisha akageuka, akatazama njia tuliyotoka. Shangazi yangu namjua toka utotoni. Alipata kumfukuza mwizi kwa mwiko wa pilau, na sijawahi kumwona akitazama nyuma. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Tulivuka Makupa saa saba. Nikaona bahari pande zote mbili nikasema nimefika kisiwani, nimepona. Lori likakunja kuingia Shimanzi na likasimama. Mbele yetu malori yalikuwa pua kwa mkia hadi macho yanapoishia, yakisubiri kushusha na kupakia, na nyuma yetu yakajipanga mengine. Joto, moshi wa dizeli na vumbi la unga. Dereva akazima injini. Akasema kwa kawaida ni saa moja, saa na nusu.

Shimanzi hadi Majengo

Mama Atieno aliteremka kwenye magunia akiwa mweupe kwa vumbi, akafungua mlango wa upande wangu bila kumwomba shangazi ruhusa. Alimpata hamali aliyekuwa na mkokoteni mtupu, Mgiriama mrefu aitwaye Karisa, na wao wawili wakanishusha. Karisa alitandika magunia mawili. Hakuuliza miezi mingapi. Katika siku ile nzima ni yeye peke yake ambaye hakuuliza.

Mkokoteni hauna springi, wenzangu. Kila jiwe nililijua. Karisa alisukuma akipaza sauti kuomba njia, Mama Atieno akitangulia kuwasogeza watu kwa mikono yake minene, na shangazi akienda ubavuni akinifunika uso kwa buibui ili watu wa mitaani wasinione. Nikawa naona mwangaza mweusi tu. Nilikuwa nikimsikiliza mtoto. Asubuhi alikuwa akicheza, na sasa sikumsikia. Nikabonyeza tumbo kwa vidole viwili kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Hakujibu.

Zahanati ya Majengo ilikuwa na benchi moja, na wanawake watano walikuwa wamelijaza. Nesi akanilaza, akaifungua kadi yangu.

"Wiki thelathini na moja. Hii ni miezi saba."

"Ni tisa," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu nisiyemjua. "Nilitaja tarehe ya uwongo."

Aliinua macho. "Ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa ili nisikufukuze?"

"Wakati ule."

Akamgeukia shangazi aliyesimama mlangoni. "Mama, wewe ndiye mzazi wake. Ni miezi mingapi?"

Shangazi alitazama lile benchi la wanawake watano. Wote walikuwa wametega masikio. Mama Atieno alikuwa nyuma yao.

"Saba," akasema.

Siwezi kuwaeleza nilivyomchukia kwa kitambo kile. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani na nilimchukia. Nesi akaandika barua. Mtoto wa miezi saba hazaliwi hapa, alisema, hatuna cha kumtia joto, atawafia mikononi. Nendeni hospitali kubwa. Hakunigusa tumbo. Ninamwelewa, maana kadi ilikuwa na mhuri, na mimi nilikuwa na mdomo tu, tena mdomo uliokwisha kukiri uwongo.

Majengo hadi hospitali

Teksi ilitupeleka. Hospitali sitaitaja jina, na haina haja. Jengo lilikuwa kubwa na watu walikuwa wengi zaidi, na wodini kila kitanda kilikuwa na wanawake wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule. Shangazi na Mama Atieno walizuiwa mlangoni. Ulipofungwa nilibaki peke yangu na ile kadi.

Tabibu kijana aliisoma, akaisoma na barua ya zahanati. Alipoona ukubwa wa tumbo akashangaa kidogo, kisha akapata jibu lake: mapacha. Mapacha wa miezi saba. Akaamuru nitiwe dripu ya kuutuliza uchungu, ili watoto wabaki tumboni siku mbili tatu wapate nguvu. Nilimwambia ni mtoto mmoja, ni miezi tisa, maji yalikuwa ya kijani. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa anayeweweseka. Akaenda kwa mwingine.

Dripu ikaanza, na uchungu ukapungua. Ajabu ni kwamba nilitamani unirudie. Nesi mmoja mwembamba alipita nikamshika vazi, nikapiga kelele mtoto wangu hachezi. Akanitoa mkono. "Punguza kelele. Ulipokuwa ukimtafuta hukupiga kelele." Yule mwanamke tuliyelala kitanda kimoja akageuza uso kwa haya, akanishika kifundo cha mguu chini ya shuka. Hatukuwa tumejuana majina. Hakuniachilia.

Jua lilikuwa likishuka ukutani. Nilifikiri hivi: nitakufa kwa ajili ya namba. Mtoto atakufa tumboni mwangu akiwa mzima, ametimia kucha na nywele, na wataandika kwamba alikuwa wa miezi saba, na itakuwa ni mimi niliyeandikisha. Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa na sitaki kuogopa tena. Niliisoma shahada, maana nilitaka nikienda niende nayo.

Nesi mwembamba alirudi na kile chombo cha mbao cha kusikilizia, akaniinamia tumboni. Akasikiliza mahali pamoja, akasogea, akasikiliza pengine. Uso wake ukabadilika. Akamwita tabibu. Wakati huohuo mlangoni kukawa na vurugu, na nikaisikia sauti ya Mama Atieno, yule muuza omena, ikimzidi nguvu askari.

"Daktari, wacha karatasi. Weka mkono! Mimi nimezaa saba, maji ya kijani ni mtoto amechoka. Na huyu mama hapa anajua. Mwambie, mama. Mwambie."

Waliingia wote wawili. Shangazi alikuwa hana buibui kichwani, na mimi sikuwahi kumwona nje ya nyumba bila buibui. Alisimama kati ya vitanda, macho ya wanawake wote wa wodi yakiwa juu yake, yale macho aliyoyakimbia tangu Voi. Akatia mkono kifuani, akatoa uzi mweupe wa kushonea kofia, wenye mafundo. Sikujua kwamba alikuwa na uzi. Kila mwezi ulipoandama, tangu ule niliomtajia katika barua yangu ya kwanza, alifunga fundo moja.

"Nimehesabu mimi," akamwambia tabibu. Akaushika uzi kwa vidole viwili, akaanza kupitisha fundo baada ya fundo, kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Wanawake wakajiinua vitandani wamwone. "Sita. Saba."

Akasimama hapo. Vidole vilibaki juu ya fundo la saba. Tabibu alifungua kinywa aseme kitu, na Mama Atieno akamnyamazisha kwa mkono.

"Nane," akasema shangazi, kama anayetapika. "Tisa. Na siku nne. Kadi ni ya uwongo, mwanangu. Uwongo ni wangu mimi."

Tabibu alichomoa dripu mwenyewe. Akaweka mkono.

Ya baadaye yalikwenda haraka, mengine siyakumbuki. Yule nesi aliyenikaripia ndiye aliyenishika mapaja na kuniambia sasa piga kelele mpaka uchoke. Adhana ya magharibi ilikuwa ikiingia dirishani mtoto alipotoka, mmoja, wa kike, mkubwa, na kimya. Wakampangusa, wakamvuta uchafu kooni, wakamchapa nyayo. Nilihesabu pumzi zangu kwa kuwa zake hazikuwapo. Nilifika kumi na moja, ndipo akalia, sauti nyembamba yenye hasira, na nikamsikia shangazi akikaa chini sakafuni kwa kishindo.

Kisha damu ikanitoka, Bi. Fatma, kama nilivyokueleza. Nesi mwembamba alinikanda tumbo kwa ngumi zote mbili, akachoma sindano, akakanda tena, na zamu yake ilipokwisha hakuondoka mpaka damu ilipokatika. Sikujua nimshukuruje. Nilimwomba radhi kwa kelele, naye akaangalia pembeni.

Kibokoni, siku arubaini

Siku ya tatu tulifika nyumbani. Ninyi mnajua arubaini ilivyo: maji ya moto ya majani, udi chini ya kitanda, mkaja wa kufunga tumbo mpaka pumzi inakuwa ya mkopo, na uji wa pilipili manga unaochoma hadi masikioni. Shangazi alinihudumia kimya. Mama Atieno alikuja kutoka Majengo siku ya saba na mayai ya kuchemsha, na shangazi akala mawili mbele yake, akaomba chumvi.

Siku moja alinituma nimchukulie tasbihi katika kijaluba chake cha bati, huko chini ya sanduku. Ndani nikaukuta uzi wetu wa mafundo tisa. Chini yake palikuwa na mwingine, wa zamani, uliogeuka rangi ya chai. Ulikuwa na mafundo saba.

Nilimpelekea zote mbili, pamoja na tasbihi. Alizitazama mkononi mwangu.

"Alikuwa mwanamume," akasema. "Kabla hujazaliwa. Nilikuwa nikimwambia kila mtu, nikipita barazani nasema saba, nasema saba na siku mbili, hivyo nilivyofurahi. Kisha hakucheza tena." Akachukua uzi wake, akaukunja. "Baada ya saba sikuwa nimepata kuhesabu, Rukia. Sikujua kama kuna njia huko mbele."

Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu zahanati ya Majengo, nimeyapanga vizuri nikingoja nipate nguvu. Sikuyasema. Nikamwekea mtoto mapajani.

Mombasa hadi Voi

Kurudi hakukuwa na kisa. Gari liliondoka kwa wakati, jambo ambalo nalo ni kisa. Shangazi alitusindikiza stesheni, akapanda behewani kutupangia mizigo. Mbele yangu aliketi bibi mmoja mgeni, mwenye miwani, akamwinamia mtoto na kumfunua leso usoni kwa kidole.

"Mashallah. Ana umri gani?"

Nilikuwa nimefungua kinywa, na ulimi tayari ulikuwa ukipunguza. Nilitaka kusema wiki mbili.

"Ana siku arubaini na tatu," akasema shangazi kwa sauti, na behewa zima likasikia. Akainama, akamfunika mtoto vizuri, akateremka kabla filimbi haijapigwa.